Marehemu na Elfu Mbili Zake

Mize alikuwa ukumbini, ungo mapajani, akichambua mchele wa jioni, mumewe Abdullatif alipopiga hodi. Hiyo hodi ndiyo iliyomfanya ainue kichwa. Katika ndoa yao yote Abdullatif hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwake. Alikuwa akisukuma mlango kwa goti na kuulizia kahawa kabla hajavua viatu. Sasa alisimama kizingitini kama mgeni, sanda kaifunga vizuri kiunoni na ncha yake kaitupia begani, ana mchanga mbichi visiginoni na ananukia kafuri. Khitma yake ya arobaini ilikuwa imesomwa wiki iliyopita.

Mize akamkaribisha. Abdullatif akaketi kwenye kiti chake, akatazama dari, akatazama mikeka, kisha akauliza simu yake iko wapi.

Simu ilikuwa kabatini. Mize mwenyewe alikuwa na kitochi cha kupigia tu, kwa hiyo ile simu kubwa ya marehemu aliishika mpaka mirathi igawanywe, apate kumuona binti yao Adila aliyeolewa Zinga. Akaitoa, akampa. Abdullatif akaufungua mchezo wake wa sataranji, au tuseme alijaribu. Alibonyeza mara ya kwanza, akabonyeza tena, akasugua kidole kwenye paja, akakipulizia. Kioo cha simu kinataka kidole chenye joto, na yeye joto hakuwa nalo tena.

Basi akamwita Mize aje ambonyezee.

Hapo inabidi ielezwe huyu bwana alikuwa mtu gani katika sataranji. Kwa miaka mingi aliicheza barazani, mbele ya nyumba yake mwenyewe huko mji mkongwe wa Bagamoyo, yeye na mdogo wake Khamis na wenzao wachache, kwa ubao wa mbao na maneno mengi. Ilipokuja sataranji ya simu, ile ya dakika tatu, akahamia huko mzimamzima. Kila mchezaji anapewa dakika zake tatu, zinapungua zamu yake ikifika, na zikimwishia ameshindwa hata kama vipande vyake vyote vimesimama. Abdullatif alilijua hilo, lakini hakuona kwa nini liwe sababu ya mtu kukosa adabu. Mchezo ukifunguka tu, alimwandikia mpinzani salamu, tena salamu kamili, akamuuliza habari za nyumbani, za wazee na za kazi, kisha akangoja kujibiwa. Wapinzani wenyewe walikuwa watu wa Polandi, wa Peru, wa Ufilipino. Hakuna aliyejibu. Naye hakuwa mtu wa kumla askari mtu ambaye hawajajuliana hali. Alipokuja kukubali kuwa hajibiwi, dakika moja na nusu ilikuwa imeshakwenda, na iliyobaki aliicheza kwa hamaki.

Kwa mwendo huo alikwama kwenye alama elfu moja na mia mbili, siku apande kidogo, siku ashuke. Alichotaka maishani ni elfu mbili. Alikisema kwa marafiki, alikisema hospitalini, na wanaomwelewa vizuri wanasema kwamba hata pale aliponyoosha kidole kwa mara ya mwisho, watu wakadhani ni shahada tu, kidole kilikuwa kinaelekea meza ilipokuwa simu.

Sasa akaanza kuja kila alasiri. Mize alikaa kwenye mkeka na simu, yeye akakaa kitini nyuma yake akiamrisha: toa farasi, rudisha ngome, msalimie kwanza. Mize alisalimia kwa kidole, akatoa farasi, akarudisha ngome, na wakawa wanafungwa kama zamani. Baada ya michezo michache Abdullatif alitoka kwenda barazani, akakaa mahali pake, akapewa kikombe cha kahawa ambacho alikishika tu na hakikupungua. Karibu na adhana ya magharibi aliaga, akarudi makaburini kwa miguu.

Mtaa ulimzoea upesi. Somoe, jirani wa upande wa pili, alikutana naye kichochoroni akampa pole ya safari. Tatizo dogo lilikuwa la mavazi. Nguo za marehemu zilishatolewa sadaka, na ile kanzu yake nzuri ya darizi aliichukua Khamis, tena alikuwa ameivaa siku ile kaka yake alipotokea barazani. Abdullatif aliitazama ile kanzu kwa muda, Khamis naye akatazama bahari. Miwani pia ilikuwa imekwenda, kapewa mzee mmoja wa Kaole, na bila miwani Abdullatif aliona kwenye simu weupe na weusi tu.

Mize hakuwa na kinyongo na ujio wake. Eda inachosha, nyumba ni ile ile, ukuta ni ule ule, na mtu wa kuzungumza naye si jambo baya hata akiwa marehemu. Alihesabu kuwa siku zake zitatimia karibu na Adila kujifungua, na alishafunga kibegi: kanga mpya, mafuta ya nazi ya kumkandia mzazi, pilipili manga ya uji. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mama mkwe wa Adila alikuwa ameshafariki, huyu wa kufa kabisa, na mume wa Adila alikuwa dereva wa malori ya mchanga kule Mapinga, mtu mwema lakini asiyejua hata maji ya mtoto yanapimwaje.

Adila akajifungua mapema kidogo, mtoto wa kike. Mize aliona mjukuu wake kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha simu, na siku ya saba akaona ananyolewa nywele kwenye kioo hicho hicho, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mama na mwana, kila mmoja kafungiwa ndani kwake: huyu kwa eda, yule kwa arobaini ya uzazi. Siku chache baadaye Adila alipiga akiwa na homa. Titi moja limekuwa gumu kama jiwe, mtoto hanyonyi vizuri, analia, na yeye analia.

"Mama, unakuja lini?"

"Keshokutwa natoka eda, mwanangu. Keshokutwa hiyo hiyo nitakuwa kwako."

Keshokutwa ikafika. Somoe na wanawake wengine wa mtaa walikuja mapema, wakachemsha maji, wakaleta nguo za rangi na udi. Mize alikuwa ameshavua kisogoni kile kitambaa cheupe cha eda. Mara ikasikika hodi. Ilikuwa alasiri, na Abdullatif ni mtu wa saa yake.

Khamis, aliyekuwa barazani, ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. Akauliza, hivi inakuwaje mwanamke anatolewa eda na marehemu mwenyewe kakaa ukumbini? Wakaona afadhali aitwe Maalim Abdulwahab wa chuoni. Maalim akaja, akakaa upande wa pili wa pazia, Mize akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba na kuuliza hali ya mzazi. Kisha akasema tangu marehemu aanze kuja amepekua vitabu usiku na mchana na hakuona mlango unaozungumzia mume anayerudi baada ya alasiri. Penye giza yeye huchukua tahadhari.

"Mwanamke hatoki eda ya mtu anayeingia kwake kila siku," akasema.

"Basi kama anaingia, mimi si mjane," akasema Mize. "Nina mume. Niacheni niende kwa mwanangu."

Maalim alikuwa mtu mwadilifu na hakupenda kuipuuza hoja kwa sababu tu imetoka nyuma ya pazia. Akakiri kuwa ina nguvu.

"Ila ukiwa na mume," akasema, "utatoka kwa ruhusa yake."

Watu wote wakamgeukia Abdullatif. Abdullatif akasema ruhusa ataitoa, kwa nini asiitoe, kwani yeye katili? Lakini si sasa hivi. Mize akienda Zinga, nani atambonyezea? Akishafika elfu mbili atapumzika zake na hatasumbua mtu, na Mize aende Zinga, Mapinga, popote roho yake inapenda. Khamis akasema hilo ni jambo la haki. Maalim akauliza elfu mbili ni nini, akaelezwa, akasema mchezo huo yeye haujui.

Wanawake wakayamwaga maji. Mize alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Alikaa kwenye mkeka na kibegi chake pembeni, akatamani kumwambia mumewe maneno ambayo hakuwahi kumwambia alipokuwa hai, na kilichomzuia ni kwamba matanga yalishapita na maneno hayo yangetaka matanga mengine. Akapiga simu Zinga, akamwelekeza jirani wa Adila namna ya kulikanda lile titi kwa kitambaa cha moto, kutoka juu kwenda chini, asibinye. Kisha akapiga moyo konde. Ikiwa njia ya kwenda Zinga inapita elfu mbili, basi atapita huko huko.

Sataranji Mize aliijua. Aliijua kwa masikio. Dirisha la ukumbini linafunguka barazani, na miaka yote hiyo alikaa nyuma yake na birika la kahawa, akisikia farasi yuko wapi, ngome imetoka wapi, nani kalala na nani kaponyoka. Ubao aliujenga kichwani, mwanzo ili asichoke, baadaye kwa kuwa alikuwa anayaona makosa yao kabla hawajayafanya. Kile kipande kinachokwenda kila upande, ambacho simu inakiita malkia, barazani kwao kinaitwa waziri. Hakuwahi kumwambia mtu kuwa anaujua mchezo. Hakuna aliyemuuliza.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa la haraka mno. Asubuhi moja, mumewe akiwa kaburini, alicheza peke yake, akashinda na alama zikapanda. Alasiri Abdullatif, ambaye kila akiingia alitaka asomewe alama zake kabla ya salamu nyingine, akasikia zimesogea. Akauliza nani kagusa jina lake mchezoni. Akanuna siku ile nzima, hakucheza, na alipokwenda barazani hakukishika hata kikombe. Mize akajua kuwa alama hizi lazima zipande mwenyewe akiwa kitini.

Kwa hiyo asubuhi ikawa ya kusoma na alasiri ya kucheza. Simu huhifadhi michezo yote iliyopita, na Mize aliipitia michezo ya mumewe mmoja mmoja, kama mtu anayefumua nguo aone ilishonwa wapi vibaya. Aliyoyaona hayakuwa ya ajabu. Mumewe alianza kila siku kwa namna tofauti, kufuatana na alivyoamka. Farasi wake aliwapenda mno, hakukubali wauzwe hata kwa bei nzuri. Akishindwa, hasira zilimpeleka moja kwa moja kwenye mchezo mwingine, akashindwa tena, na tena. Na kulikuwa na zile salamu.

Salamu ndizo alizoanza nazo. Alimwambia mumewe kuwa simu za siku hizi zinasikia, hazitaki kuandikiwa. Abdullatif akafurahi sana. Kuanzia hapo alimsalimia kila mpinzani kwa mdomo, kwa utulivu, akamuuliza mpaka hali ya mifugo, na wakati huo kidole gumba cha Mize kimeshatoa askari wawili na farasi. Mize mwenyewe ilimuuma kidogo, kwani naye alilelewa. Akawa kila alfajiri baada ya sala anawaombea wapinzani wake wote kwa pamoja heri na afya, Waislamu na wasio Waislamu, akaona wameshajuliana hali.

Lililofuata ni amri za mume. Abdullatif alisema toa farasi, Mize akasema haya, akatoa tembo. Abdullatif alisema mkimbize waziri, Mize akasema haya, akamuacha pale pale alipokuwa anafanya kazi. Neno haya ni neno zuri sana. Mke anaweza kukaa nalo kwenye ndoa miaka na miaka, na asiwe ameahidi kitu. Michezo ilipokuwa imeharibika mara mbili mfululizo, Mize alisema chaji imekwisha, akaiweka simu kabatini mpaka kesho, na hakuna hasira iliyowapeleka popote.

Alama zikaanza kupanda. Zilipanda kwa kusitasita, halafu kwa kasi, mpaka Abdullatif alipokuwa anasomewa alikuwa anataka asomewe tena. Barazani wakaacha ubao wao, wakahamishia viti chini ya dirisha wapate kusikia. Watu wakawa wanakuja kutoka Kaole. Hakuna aliyeshangaa. Khamis alieleza kwamba kaka yake siku zote alikuwa na kipaji, kilichomkosesha ni kelele za dunia, na huko aliko sasa kuna utulivu. Mwingine akasema mtu aliyelala kaburini hana kazi nyingine ila kufikiri. Walimwomba awafundishe, naye hakuwa mchoyo. Aliwafundisha yote yaliyokuwa yakimfunga yeye, wakayafuata kwa uaminifu, na alama zao wakawa wanaziona zinateremka tu. Wakasema elimu ya marehemu ni nzito.

Siku moja Mize alichoka. Alikuwa ametoka kuzungumza na Adila, homa imerudi, na nje ya dirisha wanamsifu mumewe kwa mchezo ambao yeye Mize aliuokoa ukiwa umebakisha sekunde chache. Akafungua dirisha.

"Jamani," akasema, "ni mimi ninayecheza."

Barazani wakageukia dirisha. Abdullatif, akiwa kati yao na kikombe chake, aliangalia chini kwa haya, kama mtu ambaye mkewe kamsema mbele za watu. Khamis ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole, kwa maana alimheshimu sana.

"Vidole ni vyako, shemeji. Hilo tunalijua. Mwenyezi Mungu atakulipa."

Wenzake wakaitikia amina. Walikuwa wamemsikia vizuri kabisa. Mize akafunga dirisha, akachemsha kahawa nyingine kwa kuwa ilikuwa imekwisha, na tangu siku hiyo akaacha kuwaza nani anasifiwa. Akawa anawaza titi la Adila tu, na njia ya Zinga.

Alama zilipokaribia elfu mbili, Mize hakulala vizuri. Zilifika karibu kabisa, zikarudi nyuma, zikafika tena. Watu wa alama hizo hawakuwa wa mchezo. Hawakosei ovyo na hawana huruma, na dakika tatu kwao ni nyingi. Usiku Mize aliwaona wote usingizini, hawana nyuso, wanatoa ngome zao. Asubuhi akarudia zile zile njia alizozizoea, mpaka kidole kikawa kinazijua bila ya yeye kukituma.

Siku yenyewe mpinzani alikuwa mtu wa Ajentina. Barazani walikuwa wamejaa, wengine wamesimama. Abdullatif akamsalimia, akamuuliza habari za watoto, na Mize akaanza. Mchezo ulikwenda sawa kwa sawa, kipande kwa kipande, saa zote mbili zikiyeyuka pamoja. Kisha yule bwana akamwacha mfalme wake nyuma ya askari wake watatu bila hata tundu la kupumulia. Mize akaliona. Ngome yake ilikuwa na njia nyeupe kwenda mpaka mwisho, hatua moja tu.

"Mtoe waziri," akasema Abdullatif nyuma yake.

"Haya."

"Mtoe waziri, nasema."

Na safari hii hakungoja. Aliinama, akatia kidole chake mwenyewe kwenye kioo, pale alipodhani pana waziri, akamvuta kwa nguvu. Kilikuwa kidole cha baridi, na kilikaa katikati, kikamzibia Mize ubao wote. Sekunde zilikuwa zimebaki chache za kuhesabika. Kioo hakikumsikia Abdullatif. Mize akapitisha kidole chake chini ya kile cha mumewe, akaipata ngome kwa kukisia, akaisukuma mpaka mwisho wa ubao.

Simu ikalia. Mfalme wa Ajentina hakuwa na pa kwenda. Alama zikahesabika juu ya kioo, zikasimama kwenye elfu mbili na tatu, na Mize akazisoma kwa sauti.

Mize alihisi kitu kikimtoka mabegani, kitu alichokibeba muda mrefu mpaka akadhani ni mabega yenyewe. Alifurahi. Hakufurahi kwa ajili ya ushindi. Alifurahi kama mtu anayefunguliwa kamba, na machozi yakamtoka bila ya kumwomba ruhusa. Nje walikuwa wameshasikia, wanapiga takbiri.

Abdullatif alibaki ameinama, kidole bado kiko juu ya kioo. Alimtazama mkewe kwa karibu, macho yale yasiyo na miwani, na Mize hakuweza kujua anaona nini.

"Nimecheza vizuri leo," akasema.

Mize angeweza kumwambia. Walikuwa wawili tu, na maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni kwa miaka. Akafikiria kwamba akimwambia, pengine atataka kucheza tena.

"Umecheza vizuri, Baba Adila."

"Basi nenda kwa mtoto."

Akatoka kwenda barazani, akapewa mikono na watu wote. Alikaa kidogo. Khamis akamsindikiza mpaka pembeni mwa msikiti, pindo la kanzu kalishika juu lisichafuke, wakaagana hapo, na Abdullatif akaenda zake. Kesho yake alasiri hakuja. Ijumaa nayo ikapita. Maalim Abdulwahab akaja mwenyewe bila ya kuitwa, akasema kwa anavyoona jambo limekwisha, na akamwombea marehemu kauli thabiti.

Maji yakachemshwa tena. Somoe alimwogesha, akamfukiza udi, akamvika kanga ya rangi ya ndimu. Mirathi ikagawanywa siku hiyo hiyo. Mize alipata thumni yake, Adila nusu, na kilichobaki kilikuwa cha Khamis, pamoja na ile simu. Khamis aliitaka kwa heshima. Hakukusudia kuichezea, hata. Alitaka ile elfu mbili na tatu ya kaka yake ibaki hivyo hivyo, mtu asiiharibu. Waliitia kwenye mfuko wa plastiki na kuipandisha juu ya kabati barazani, na mgeni akija, simu hushushwa akaonyeshwa.

Mize alikuwa hayupo kuona hayo. Alikuwa kwenye bajaji, kibegi mapajani, barabara ya Zinga, upepo unampiga usoni. Zilipita nyanya zimepangwa mafungu, yakapita mabango ya viwanja vinavyouzwa, wakapita mbuzi, na kila kitu alikitazama kama kimetandazwa kwa ajili yake. Dereva alimuuliza kama anasikia vumbi, apunguze mwendo. Mize akasema asipunguze.

Adila alikuwa amekonda. Mize alinawa mikono, akampokea mtoto, akamuona kwa macho yake, akaona kuwa kioo kilimdanganya: mtoto alikuwa mweusi zaidi, mzuri zaidi, na ana pua ya upande wake. Kisha akampa jirani amshike, akamlaza mwanawe, akaanza kumkanda. Titi likalainika siku ile ile. Uji wa pilipili manga ukafanya mengine, na baada ya siku kadhaa Adila alikuwa anacheka, na mtoto anavimba mashavu.

Mchezo ulikuwa umemwingia Mize, hakuweza kuuacha. Adila, ambaye alijua habari yote kwa kuwa mama yake alimsimulia huku akimkanda, akamfungulia jina jipya kwenye simu yake yeye Adila. Alitaka waandike Mize. Mama yake akasema hapana, andika Zinga. Simu ikamweka chini kabisa na wanaoanza, naye hakujali. Alicheza mchana, mtoto kalala mapajani, na akawa anapanda bila ya mtu kumpumulia kisogoni.

Juma moja hivi baadaye, simu ikampangia mpinzani aliyejiita Khamis wa Baraza. Hawakuwa mbali kwa alama. Khamis alikuwa bado anafuata mafunzo ya kaka yake. Mize akamfunga kwa utulivu, saa yake ikiwa haijafika hata nusu. Kisha yakaja maandishi.

"Maashallah. Unacheza kama marehemu kaka yangu. Bila shaka ni yeye aliyekufundisha. Mahali pake barazani papo wazi. Njoo, bwana, tukukalishe."

Adila aliyasoma juu ya bega la mama yake, akasimama kwa hasira, akataka simu. Akasema atamjibu yeye, atamweleza yote, na kanzu ya watu airudishe.

Mize akamnyima simu. Akamwandikia Khamis kuwa ahsante kwa kumwalika, barazani hataweza kufika, ana shughuli, lakini wacheze tena. Wakacheza, akamfunga tena, na Khamis akaandika dua ndefu ya kumrehemu kaka yake kwa elimu aliyoiacha nyuma. Mize akaitikia amina, kwa sababu dua haikataliwi. Kisha akazima simu, akamvika mtoto kofia, na kwa kuwa arobaini ya Adila ilishatimia, wakatoka wote watatu kwenda dukani kununua sukari, na hakuna aliyemuuliza kaomba ruhusa kwa nani.